Anayenishikia Spana

Daftari langu lilikuwa limelala chali. Mimi huliweka kifudifudi siku zote, kwa sababu jalada lake lilichanika nikalibandika kwa gundi ya gasketi, na gundi ile mpaka leo haijakauka sawasawa. Ukiliacha chali linanasa vumbi. Asubuhi ile nilipopita nyuma ya turubai nililikuta chali kwenye rafu ya spana, limenyooshwa vizuri sambamba na ukingo, kama kitu kilichorudishwa na mtu mwenye adabu. Nikalipangusa, nikaligeuza, nikaendelea na kazi. Nilidhani ni paka. Najua paka hanyooshi daftari kwenye ukingo wa rafu, lakini sikuwa na mtu wa kumdhania, nikamsingizia paka.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa turubai la bluu. Mbele kulikuwa na benchi la wateja, feni isiyozunguka, na Kaka. Nyuma kulikuwa na meza ya chuma, ndoo ya petroli ya kuoshea vyuma, na mimi. Watu wa mtaani walimwita Kaka Spika, kwa kuwa ukishamwasha hazimi. Mimi waliniita Kimya. Tumetoka tumbo moja, tumepishana miaka mitatu, na nadhani maneno yote ya nyumba yetu aliyabeba yeye alipotangulia kutoka.

Shule niliishia darasa la tano. Mama aliugua mwaka ule na ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani kumwangalia. Hakuna aliyeuliza ni nani, sote tulijua. Mama alipopona, wenzangu walikuwa wamenipita madarasa mawili na miguu yangu ilikuwa imerefuka, nikaona aibu kukaa dawati moja na watoto. Kaka alipomaliza kidato cha nne akapata kazi, nami nikaanza kumfuata huko. Fundi mmoja mzee, sasa ni marehemu, alitufundisha sote wawili kwenye chumba hiki hiki. Kaka alijifunza kumwaga oili, kubadilisha plagi na kuziba tairi. Zaidi ya hapo alijifunza kuieleza kazi. Mimi nilijifunza kazi yenyewe.

Hatukukaa chini tukakubaliana. Ilijitengeneza tu. Mteja alipofika, Kaka alimsikiliza, akacheka naye, kisha akasema, "Ngoja niitazame kwa makini," akaisukuma pikipiki nyuma ya turubai. Huko mimi niliiwasha, nikaisikiliza, nikamnong'oneza. Yeye akarudi mbele na jibu. Nikisema kabureta ya kushoto inavuta hewa, Kaka alitoka akasema, "Bosi, pikipiki yako ina mafua upande wa kushoto." Mteja akacheka, akamwamini. Mimi nilikuwa nacheka pia, nyuma, mkono mdomoni. Ilinitosha. Sikupenda kutazamwa ninapofanya kazi, na yeye alipenda. Nikaona kila mtu kapata chake.

Pikipiki niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mzee Ramani. Alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu, na kila mwaka mvua zikiisha alifunga mizigo yake na kwenda safari ya wiki tatu peke yake, kupita njia alizozipima ujanani. Pikipiki yake ilinizidi umri. Ilikuwa nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, na silinda zake mbili zilitokeza pembeni, moja kulia na moja kushoto, kama mtu anayepenya kwenye msongamano kwa viwiko. Haina cheni. Nguvu ya injini inakwenda nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya bomba la chuma, na mwisho wa bomba kuna difu ndogo inayogeuza gurudumu. Mzee aliiita Bibi. "Bibi hajambo?" ndiyo ilikuwa salamu yake akija kuichukua.

Kwa miaka sita Bibi hakuguswa na mkono mwingine zaidi ya wangu. Valvu zake nilizipima asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kwa vile vibati vyembamba vinavyopita kwenye nafasi kama kisu kwenye siagi. Kikipita kwa urahisi mno nimekosea, kikigoma nimekosea, kinatakiwa kivute kidogo tu, kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake bila kuing'ang'ania. Kabureta zake mbili nilizilinganisha kwa sikio, nikiweka mpira mwembamba sikioni na ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, kushoto, kulia, kushoto, mpaka zote mbili zivute pumzi sawa. Na oili. Ukiacha oili ya injini, pikipiki ile ina oili sehemu nyingine tatu: giaboksi, bomba la shafti, na difu. Kila sehemu ina boliti yake ya kumwagia chini na tundu lake la kujazia juu.

Kusoma nasoma, polepole. Kuandika kunanichosha. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa la picha. Nilichora kila kitu nilichowahi kukikosea, ili nisikikosee mara ya pili. Boliti tatu za kumwagia nilizichora kubwa, kila moja na washa yake ya kuziba, kwa sababu mwaka wa kwanza nilizichanganya na Bibi akavuja sakafuni kama mtungi uliopasuka. Nilichora tundu la giaboksi na tundu la difu, maana nilizoea kuzijaza kupita kiasi. Tundu la bomba la shafti sikulichora. Liko mahali pa kujificha, nyuma ya kile kiatu cha mpira kinachounganisha bomba na giaboksi. Lazima uusukume mpira kwa kidole gumba ndipo ulione. Lile sikuwahi kulikosea. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Daftari lile lilikuwa la makosa yangu, na pale ambapo sikuwa na kosa hapakuwa na picha.

Basi siku moja kabla ya daftari kulala chali, Mzee Ramani alikuja na mgeni. Alikuwa mama mmoja wa makamo, nywele fupi, buti za pikipiki, ambaye kila mtu alimwita Meneja. Kampuni yake huwatembeza wageni kwa pikipiki za zamani, na alikuwa nazo sita za aina ya Bibi. Nilikuwa nimeziona mara moja zikipita barabara kuu kwa mstari, nikasimama na ndoo mkononi mpaka ya mwisho ikapotea. Fundi wao alikuwa anaondoka. Meneja alitaka mtu anayezijua.

"Huyu ndiye," Mzee Ramani akasema, akimpiga Kaka begani. "Miaka sita, na sijawahi kusukuma. Hata mara moja."

Mimi nilikuwa nyuma ya turubai, naosha kabureta. Nilisikia kila neno.

"Valvu unazipima lini?" Meneja akauliza.

Kaka akakohoa. Kukohoa ilikuwa ishara yetu. Akaja nyuma, akajifanya anatafuta kitambaa. "Asubuhi," nikamnong'oneza, "ikiwa baridi, kabla haijawashwa." Akarudi mbele anajifuta mikono isiyo na uchafu.

"Meneja, valvu ni kama mtu. Huwezi kumpima homa akiwa anatoka jikoni. Mimi nampima asubuhi, hajapiga hata mswaki."

Meneja akacheka kwa sauti. Mzee akacheka. Hata mimi nilicheka. Alikohoa mara tatu mchana ule, na mara tatu nilimpa jibu, na kila jibu lilitoka mbele likiwa limevaa nguo nzuri kuliko nilivyolivalisha mimi. Mwisho Meneja akafunua turubai kwa kidole kimoja, akaniona nimeinama, mikono imezama petroli mpaka kwenye viwiko.

"Na huyu binti?"

"Mdogo wangu huyo," Kaka akasema. "Ananishikia spana. Ukimsemesha hajibu, usihangaike."

Nilimwamkia Meneja kwa kichwa. Turubai likaanguka. Neno lile halikuniuma wakati ule. Lilikuwa katika yale maneno yetu ya mbele, na maneno ya mbele sikuyahesabia.

Jioni, tukifunga milango, Kaka alikuwa hawezi kutulia. "Kimya, unajua maana yake? Sita! Na karakana ya sementi, yenye jeki za umeme!"

"Na mimi?" nikamuuliza. Kwake yeye peke yake niliweza kuuliza.

"We vipi? Nani atanijibia nikikohoa?" Akanivuta kilemba mpaka kikanifunika macho, kama tulipokuwa wadogo. "Mwezi wa kwanza nawasoma. Wa pili nakuvuta. Mdogo wangu, tutakaa hapo wawili, mpaka watuzeeshe."

Nilitaka kazi ile. Niseme wazi, maana wakati ule sikumwambia mtu. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Si kwa sababu ya sementi wala jeki. Nilitaka siku moja mtu aje na pikipiki, aniulize mimi, na nimjibu mimi. Nilikuwa nafanya mazoezi nikifagia. "Inavuta hewa kushoto," nilimwambia ufagio.

Kesho yake ndipo daftari lilipolala chali. Jumatatu iliyofuata Kaka akaanza kazi.

Wiki ya kwanza alirudi kila jioni na maswali. Nati hii ni ya ngapi, plagi zile zinaachiwa nafasi kiasi gani. Nilimjibu huku nakatakata vitunguu, na Mama akiwa pale anatikisa kichwa kwa fahari kwamba watoto wake wanapendana. Wiki ya tatu maswali yakaisha. Nikafurahi. Nikadhani ameshakomaa. Mwezi wa pili ukaja, nikamuuliza, akasema Meneja yuko safari. Mwezi wa tatu akasema bajeti haijapita. Wateja wetu wakaanza kumfuata huko huko au kupotea, maana walikuja kumtafuta Spika, wakanikuta mimi, wakaniuliza, "Fundi yuko wapi?" nami nikasema, "Hayupo," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye pini mdomoni siku zote. Alinitazama siku moja kutoka dirishani kwake. "Mwanangu," akasema bila kutoa pini, "hicho kidomo unakiwekea akiba ya nini?"

Nikatabasamu. Ndivyo nilivyokuwa nikijibu watu.

Mzee Ramani alikuja mwezi wa nne, asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona, na kilichonifanya niweke spana chini ni mlio. Bibi alikuwa anaimba. Si injini, injini ilikuwa sawa. Ilikuwa nyuma, sauti nyembamba ya chuma kikisugua chuma, inapanda na kushuka na mwendo.

Akazima mbele ya mlango. Mizigo ilikuwa imefungwa tayari, mikoba miwili ya ngozi pembeni na hema juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Nimepita kukuaga, na kukupongeza."

"Kunipongeza?"

"Si unaolewa? Kaka yako alituambia. Meneja alisikitika, lakini ndiyo heri yenyewe, hatuwezi kugombana na harusi."

Fundi cherehani akatoa kichwa dirishani, mashine ikanyamaza.

"Naolewa na nani, Mzee?"

Akacheka, akidhani natania. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Alivua kofia ya pikipiki taratibu, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba.

"Binti, siku Meneja alipomchukua kaka yako alimwambia aje na wewe. Alisema yule msichana aliye nyuma anaosha kabureta kama mtu anayejua anachokiosha. Nafasi zilikuwa mbili. Kaka yako akajibu kwamba hutaki, kwamba una mchumba na hataki uguse pikipiki tena."

Mikono yangu ilikuwa na grisi. Nakumbuka niliitazama, nikaanza kuifuta kwenye gauni, kisha nikakumbuka ni gauni, nikaacha. Nafasi zilikuwa mbili. Miezi minne nilikuwa nasubiri nafasi ambayo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na aliyeikataa kwa niaba yangu alikuwa anakula nami sahani moja kila jioni. Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikasema kile nilichoweza kusema, kwa kuwa hicho kilikuwa cha vyuma.

"Inaimba nyuma, Mzee. Tangu lini?"

"Ah, tangu juzi, kaka yako alipomaliza kuihudumia. Kanihakikishia ni tairi jipya, litazoea."

"Oili kabadilisha zote?"

"Zote, kaniambia. Kaifanya mwenyewe kwa mkono wake, heshima kwa mteja wa zamani."

Nilijua. Sijui nieleze vipi; nilijua kabla sijagusa. Nikamwomba aniachie nusu saa. Akatazama jua, akatazama mizigo, akasema siku yake ya kwanza ni ndefu. Mimi, ambaye sikuwahi kumpinga mteja maishani mwangu, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Usiende, Mzee. Tafadhali."

Tuliipandisha kwenye stendi kubwa. Nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, nikashika bomba la shafti kwa mkono mwingine. Lilikuwa linakwaruza ndani, kama mchanga kwenye meno. Nikalala chini, nikafungua boliti ya katikati kati ya zile tatu. Kwa kawaida oili hutoka pale kama asali. Hakikutoka kitu. Nikangoja. Likatoka tone moja jembamba, likaning'inia, halikuanguka.

"Imekauka," nikasema nikiwa chini. "Amemwaga sehemu tatu, amejaza mbili."

"Maana yake nini?"

"Meno ya shafti yanalika. Leo yanaimba. Siku ya tatu, nne, ukiwa kasi, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga."

Mzee Ramani akakaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kupima, nilimwona anapima. Siku ya tatu au ya nne yeye huwa kwenye mteremko mrefu wa mawe, peke yake. Akatoa simu, akampigia Kaka, akasema maneno mawili tu: "Njoo kwenu."

Kaka alifika na pikipiki ya kampuni. Alikuwa na ovaroli mpya ya kijani, na tabasamu lake lilitangulia mbele yake.

"Mzee wangu! Bado uko mjini? Mimi nilijua saa hizi unakula vumbi." Kisha akaniona chini, na boliti mkononi mwangu. Tabasamu halikutoka, lakini lilisimama. "Kimya, umefungua nini tena? Mzee, huyu umwachie kuosha tu. Ana mikono ya kudadisi."

"Bomba la shafti halina oili," Mzee akasema.

"Haiwezekani."

"Njoo uchungulie."

"Haiwezekani, Mzee. Nimejaza kila palipochorwa."

Hakusikia alichokisema. Mzee alisikia. Nami nilisikia.

"Palipochorwa wapi?"

Kaka akafungua mdomo. Kisha, badala ya kunyamaza, akakasirika, na hasira yake ikageukia kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chini. Akaingiza mkono mfuko wa ovaroli, akatoa karatasi zilizokunjwa, akazikunjua, akazitikisa mbele ya uso wangu.

"Si hizi? Si wewe uliyechora? Tundu la bomba liko wapi hapa? Nionyeshe! Giaboksi, hili. Difu, hili. La tatu liko wapi? Umechora nusu nusu, halafu mimi ndiye nalaumiwa! Mzee, kosa ni lake. Mimi nimefuata kama alivyochora."

Zilikuwa kurasa za daftari langu. Alikuwa amezitoa kopi, zote, mpaka ule ukurasa wenye doa la chai, mpaka mwanasesere niliyemchora pembeni siku nilipokuwa nasubiri gundi ikauke. Mistari yangu ya penseli ilikuwa imegeuka myeusi mikali, kama kazi ya mtu mwingine. Juu, kwa mwandiko wake mzuri wa kidato cha nne, alikuwa ameandika jina lake.

Hapo ndipo paka alipotakaswa.

"Spika imejitangaza yenyewe," fundi cherehani akasema dirishani, na safari hii alikuwa ametoa pini.

Mzee Ramani alizichukua zile karatasi mkononi mwa Kaka, taratibu, akaweka miwani. Alizitazama moja moja kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyechora ramani maisha yake yote. Kisha akanitazama mimi.

"Miaka sita, binti?"

"Sita, Mzee."

"Valvu?"

"Mimi."

"Na yale mafua ya upande wa kushoto?"

"Mafua yalikuwa ya Kaka. Mimi nilisema inavuta hewa."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akavua miwani. "Na mimi nilikuwa nakaa hapa mbele," akasema, "namsifu mtu kwa mkono wa mwingine, na mwenye mkono anasikia." Akazikunja karatasi, akaziweka mfukoni mwake mwenyewe. "Meneja atapenda kuziona hizi. Nitakuwa kwa jirani hapo, napumua. Ukimaliza uniite, fundi."

Fundi. Alinitazama mimi alipolisema.

Nilivuta turubai nyuma yangu, nikaanza kuchagua spana za kufungulia gurudumu, kwa kuwa ilibidi nitazame meno ya shafti kabla sijajaza. Kaka akanifuata. Ovaroli yake ilinukia sabuni. Tulisimama pale tulipokuwa tukinong'onezana siku zote, na kwa mazoea nikataka kushusha sauti.

"Mwambie asimpelekee Meneja," akasema. "Wewe atakusikiliza. Mwambie ni mambo ya nyumbani, tutayamaliza wenyewe."

Nikaendelea kuchagua spana.

"Nilikuwa nakuja kukuvuta. Wallahi. Nilitaka kwanza nisimame mwenyewe, wanizoee. Ungeingia siku ile ile, wangetuona pamoja, wangejua ndani ya wiki moja."

"Wangejua nini?"

Akalikwepa swali kama alivyozoea kuwakwepa wateja, kwa kucheka kidogo na kushika bega.

"Mdogo wangu, sikiliza. Ile kazi siyo vyuma tu. Kuna wageni, wanauliza maswali. Kuna vikao, kuna simu. Wewe hata kuagiza sukari dukani unamtuma mtoto wa jirani. Ungekufa kwa haya pale. Hilo la kuolewa nilisema ili wasikuone vibaya. Nilikuwa nakukinga. Unajua mwenyewe jinsi ulivyo."

Alisema kwa upole, na nadhani aliamini. Hilo ndilo lililonichoma kuliko karatasi, kuliko jina lake juu ya michoro yangu. Miaka yote nilidhani anajua. Nilidhani kuna mtu mmoja duniani anayejua kwamba nyuma ya turubai nilikuwa nimekaa kwa hiari, na kwamba mtu huyo ni yeye.

Niliweka spana mezani. Sikunong'ona. Turubai ni kitambaa tu. Mtaa mzima ungeweza kusikia, na nadhani ulisikia.

"Haya ninayo, Kaka. Lakini ni kidogo, si kiasi hicho unachokiona. Iliyobaki yote haikuwa haya. Nilikuwa nakuachia nafasi, kwa sababu ulikuwa unaipenda na mimi nilikuwa nakupenda wewe. Sasa naitaka nafasi yangu, na nitakwenda kuiomba kwa mdomo wangu."